Ukweli, fadhila na riziki ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na Wakristo wa Tanga

Maswali haya yametoka pale ambapo watu huuliza hasa: kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kwenye mafundisho ya kipaimara, kwenye semina za ndoa, na barazani jioni, ambako Mlutheri, Mwanglikana, Mpentekoste na Mkatoliki hukaa pamoja kwa kuwa ni majirani. Mimi ninayejibu ni mwalimu wa dini Mkatoliki. Pale madhehebu yanapotofautiana nimesema wazi. Maneno ya Biblia nimeyachukua kwenye tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version.

Si lazima usome kuanzia juu. Nenda kwenye swali linalokusumbua. Ila jibu la swali la 3 ndilo linalobeba mengine, na nitakurudisha hapo mara nyingi.

## Misingi

1. Fadhila ni nini? Si ni sawa tu na kutotenda dhambi?

Hapana. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kuiba kwa sababu hakupata nafasi, au kwa sababu tajiri yake alikaa karibu na droo ya pesa. Huyo hajaiba, lakini bado hatujui kama ni mwaminifu. Fadhila ni tabia njema iliyokomaa ndani ya mtu hadi kutenda mema kunamjia kwa wepesi, awe anaonekana au haonekani. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba fadhila ni mazoea. Hujengeka kwa matendo yanayorudiwa, na kwa matendo yanayorudiwa pia hubomoka.

Kondakta wa daladala anayerudisha chenji ya mia mbili bila kukumbushwa, kwa abiria wa kwanza na kwa wa mwisho usiku akiwa amechoka, anajenga kitu ambacho mahubiri peke yake hayawezi kumpa. Wala hajengi peke yake. Mtume Paulo anauita uaminifu tunda la Roho (Wagalatia 5:22-23). Mkristo hufanya mazoezi na huomba, vyote viwili. Anayeomba bila kujizoeza hubaki palepale, na anayejizoeza bila kuomba huishia kujisifu.

2. Fadhila ziko ngapi?

Mapokeo yanataja saba. Tatu ni za Kimungu: imani, matumaini na mapendo (1 Wakorintho 13:13). Nne ni za msingi wa maadili: busara, haki, nguvu na kiasi. Hizo nne zinatajwa pamoja katika kitabu cha Hekima ya Sulemani 8:7, ambacho kimo katika Biblia ya Wakatoliki na hakimo katika Biblia ya vitabu 66. Nyingine zote, kama upole, subira, shukrani na ukarimu, hukaa chini ya hizo.

3. Kwa nini ukweli unapewa uzito mkubwa hivi? Kuna dhambi kubwa kuliko uongo.

Zipo, ni kweli. Lakini tazama unavyoishi siku moja. Unameza dawa kwa sababu mwenye duka la dawa amekwambia haijaisha muda. Unapanda mashua kwa sababu nahodha amesema bahari leo inapitika. Unamlaza mtoto kwa jirani kwa sababu jirani amesema atakuwepo nyumbani. Maisha yako yote yameegemea maneno ya watu wengine. Anayekudanganya amekunyang'anya uwezo wa kuamua mambo yako sawasawa, na mara nyingi hutajua kama umenyang'anywa.

Kwa hiyo Tomaso hakuuweka ukweli kati ya mambo ya adabu, aliuweka chini ya haki. Ukweli ni deni tunalodaiana. Paulo anasema hivyohivyo: "Basi uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake, kwa maana tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake" (Waefeso 4:25). Hasemi useme kweli ili uonekane mtu safi. Anasema useme kweli kwa sababu yule mwingine ana haki nao.

Ukilishika hili, maswali mengi yanayofuata yatabadilika sura. Utaacha kujiuliza "Je, nimefika kwenye uongo au bado?" na utaanza kujiuliza "Huyu ninamdai nini, na yeye ananidai nini?"

Waliokulia enzi za TANU watakumbuka kwamba ahadi za mwanachama zilikuwa na maneno haya: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Mkristo hana sababu ya kuyaona hayo kuwa ni ya siasa tu.

4. "Usimshuhudie jirani yako uongo" ni amri ya nane au ya tisa? Mchungaji na padre wanatofautiana.

Wote wako sahihi. Maneno ni yaleyale (Kutoka 20:16), hesabu ndiyo tofauti. Wakatoliki na Walutheri huhesabu katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza, kwa hiyo hii inakuwa ya nane. Waanglikana na wengi wa Wapentekoste hulihesabu kuwa amri ya pili, kwa hiyo hii inakuwa ya tisa. Ukiwa Muheza na mwenzako Mwanglikana akataja amri ya tisa, usimsahihishe.

5. Majirani zangu Waislamu wana uadilifu kuliko Wakristo wengi ninaowajua. Hilo si linaonyesha kwamba dini haina tofauti?

Linaonyesha kitu kingine, na Biblia ilikwisha kukisema. Paulo anaandika kwamba watu wasio na torati hufanya kwa tabia yao yaliyomo katika torati, kwa kuwa kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao na dhamiri zao zinashuhudia (Warumi 2:14-15). Na Yesu alipotaka kumwonyesha mwanasheria Myahudi jirani ni nani, alimchagua Msamaria, mtu wa ibada nyingine.

Kwa hiyo usishangae kumkuta mwenye duka Mwislamu anayepima kwa haki, wala usilifiche. Kulikana jema uliloliona kwa macho yako ni uongo, na unamnyima jirani haki yake. Imani yako haipungui chochote kwa kusema "Mzee yule ni mwaminifu, nimenunua kwake miaka yote." Tuliozaliwa Tanga tumekula futari kwenye nyumba zao, nao wamebeba majeneza yetu. Tofauti ya imani ipo, nami sitaificha. Lakini udhaifu wa Mkristo mzembe ni kesi dhidi ya Mkristo huyo, haumgusi Kristo.

## Ulimi

6. Je, uongo mdogo wa kusaidia unaruhusiwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na Kanisa limelijadili kwa karne nyingi. Augustino, askofu wa Hipo katika nchi tunayoiita leo Aljeria, aliandika maandiko mawili mazima juu ya uongo, na msimamo wake ulikuwa mkali: hakuna uongo usio dhambi, hata ule wa kuokoa. Tomaso alimfuata, ila aliupanga uongo kwa uzito. Upo wa mzaha, upo wa kusaidia, na upo wa kudhuru. Wa tatu ndio mbaya zaidi. Aina mbili za kwanza kwa kawaida ni dhambi nyepesi, lakini ni dhambi.

Watu hujibu kwa kuwataja Shifra na Pua, wakunga waliomdanganya Farao ili watoto wa kiume wa Kiebrania wasiuawe (Kutoka 1:15-21), na Mungu akawatendea mema. Augustino alilijua andiko hilo. Alisema Mungu alibariki huruma yao na uchaji wao, hakubariki uongo. Wanateolojia wengine, Wakatoliki na Waprotestanti, wanaona kwamba muuaji anayemwinda mtoto hana deni la ukweli lolote analokudai, kwa hiyo kumpoteza njia si kumdhulumu. Binafsi naona hoja hii ya pili ina nguvu katika hali ya namna hiyo, mtu akiwa mlangoni na panga.

Lakini niseme ninaloliona kila siku. Anayeniuliza swali hili hajawahi kusimamiwa mlangoni na Farao. Amekaa kwenye kiti pale Ngamiani, mjini Tanga, simu inaita, anapokea na kusema, "Kaka, niko Muheza, nitarudi kesho," huku mdai wake yuko mtaa wa pili. Wakunga wale walihatarisha maisha yao ili wengine wapone. Huyu amemwumiza mwingine ili yeye akwepe dakika tano za aibu. Usichukue kesi ngumu ya mashujaa ukaifanya ruhusa ya mambo yako ya kawaida.

Njia iliyonyooka ipo, nayo ni kupokea simu na kusema: "Kaka, pesa yako sijaipata. Nakuomba hadi mwisho wa mwezi, na nitakupa nusu kwanza." Inauma mara moja tu. Uongo wa Muheza utauma tena wiki ijayo, na utahitaji wa Korogwe kuusaidia.

7. Nikinyamaza, je, nimedanganya?

Inategemea unayenyamaza mbele yake anakudai nini (swali la 3). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inasema hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Mpita njia akikuuliza mshahara wa mumeo, kunyamaza au kugeuza mazungumzo si uongo. Nesi kutotaja ugonjwa wa mgonjwa wake ni wajibu. Padre na siri ya maungamo, hilo halina mjadala.

Ila mnunuzi akikuuliza kama pikipiki imewahi kupata ajali, nawe ukatazama pembeni na kusema "Hii chombo nzuri sana", umemdanganya kwa ukimya. Kadhalika ukiona kijana amesingiziwa wizi, nawe ulikuwepo, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa ukakaa kimya, umeshuhudia uongo bila kufungua mdomo.

8. Ninayosema ni kweli tupu, nina ushahidi. Kwa nini mniite mmbea?

Kwa sababu ukweli wenyewe una mwenyewe. Mapokeo yanatofautisha kusingizia, yaani kumzushia mtu asilolifanya, na kusengenya, yaani kutangaza kosa lake la kweli bila sababu ya haki kwa watu wasiolijua. Yote mawili yanamwibia jina lake, na jina jema ni mali ambayo mtu akishaipoteza hakuna pa kuinunua.

Sababu ya haki ikiwepo, hesabu inabadilika. Kumwonya mzazi kwamba mwalimu wa tuisheni amewahi kuwagusa watoto vibaya si umbea, ni wajibu, na asiyesema ana hatia, kisha jambo lenyewe lifikishwe polisi. Lakini kuweka kwenye kundi la WhatsApp la kwaya kwamba dada fulani ameachika, pamoja na emoji ya kuomba ili ionekane ni ombi la sala, hakumsaidii yeyote.

Luther, katika Katekisimu Ndogo ya 1529, anaigeuza amri hii upande wa pili: hatutakiwi tu kuacha kumchafua jirani, tunatakiwa kumtetea, kumnenea mema na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio bora. Natamani kila Jumuiya ingeyasoma maneno hayo kabla ya kikao. Na kama kosa ni la mwenzako dhidi yako, Mathayo 18:15 imekwisha kusema pa kuanzia: wewe na yeye peke yenu.

9. Nitamwambiaje mkubwa wangu ukweli bila kumvunjia heshima?

Kwa heshima yote, lakini umwambie. Shikamoo haifuti deni la ukweli, wala ukweli haufuti shikamoo. Chagua faragha, chagua wakati ambao hajachoka, na ikibidi mtumie mtu wa rika lake. Kijana mmoja katika mafundisho alitaka kumwambia mjomba wake kwamba shamba la marehemu babu limeuzwa bila shangazi zake kuambiwa. Alikwenda, akakaa mkekani na akaanza hivi: "Mjomba, wewe ndiye baba yetu sasa, ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwa mtu mwingine." Hakupunguza neno hata moja katika lile lililomleta. Paulo anasema tuishike kweli katika upendo (Waefeso 4:15), na hapo sioni namna ya kuacha mojawapo.

## Kazi na riziki

10. Sokoni kila mtu amebonyeza kopo. Nikipima kopo kamili nitauza hasara. Nifanye nini?

Tulitazame kopo lenyewe. Kitako kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na kwa nje huoni kitu kwa kuwa kopo limekaa juu ya meza. Maharage yakijaa hadi kwenye ukingo, mteja anaona kilima. Akifika nyumbani na kuyamwaga kwenye kopo la jirani, hayafiki juu. Mama aliyekuwa na elfu mbili ya siku nzima amelipia chakula ambacho hakimo mfukoni mwake.

Biblia haizungumzi kwa mafumbo hapa: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA" (Mithali 11:1). Torati inakataza hata kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo (Kumbukumbu la Torati 25:13). Lumbesa nayo imo humohumo, ila hapo anayedhulumiwa ni mkulima. Mnunuzi anafika Muheza shambani, anashonea kilemba juu ya gunia la machungwa, na analipa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaikataza lumbesa kwa sheria, lakini hata kama wasingeikataza, mkulima angekuwa anakudai.

Kuhusu hasara: pandisha bei, usipunguze kopo. Sema wazi, "Langu ni mia mbili zaidi, lakini kopo ni zima, pindua utazame." Mteja atachagua akijua. Sitakuahidi kwamba utatajirika. Wako waliofanya hivyo wakapata wateja wa kudumu, na wako waliohangaika. Haki haifanywi kwa sababu inalipa.

11. Sukari na mafuta ya magendo yako kila duka pwani hii. Ni dhambi au ni kosa la serikali tu?

Wanaouliza hili huwa na maelezo mazuri: bandari bubu zimekuwepo tangu enzi za mababu, bidhaa ni nafuu kwa maskini, kodi ni kubwa. Nayasikia yote. Lakini Paulo aliandika "mtu wa kodi, kodi, mtu wa ushuru, ushuru" (Warumi 13:7) kwa watu waliotawaliwa na Roma, si kwa watu wenye serikali ya kupendeza. Yohana Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:12-13). Na Mathayo aliitwa akiwa ameketi forodhani. Ushuru ni jambo la dini pia, pande zote mbili za meza.

Anayedhulumiwa ni nani? Kwanza ni mwenye duka wa jirani yako aliyelipia mzigo wake, na sasa hauziki kwa sababu yako. Pili ni mlaji, kwa kuwa mzigo uliopita usiku hakuna aliyeupima kama unafaa. Tatu ni kila anayekwenda zahanati na kukuta hakuna dawa. Kama kodi ni ya uonevu, ipingwe waziwazi, kwa diwani, kwa mbunge, kwa chama cha wafanyabiashara. Anayeikwepa kimya hajamtetea maskini yeyote.

Mzigo uliokwisha kuununua? Acha kuagiza mwingine kuanzia leo. Hilo ndilo la kwanza. Kuhusu kurudisha, tazama swali la 18.

12. Mimi si mvuvi, mimi ni mama lishe. Nikinunua samaki waliopigwa mabomu nina hatia?

Ukijua, ndiyo. Uvuvi wa baruti umepungua pwani yetu ukilinganisha na zamani, lakini wanaojua samaki wanawajua wa aina hiyo. Ukimpasua changu unakuta damu imevilia kandokando ya uti wa mgongo, mfupa umeachana na nyama kabla hata hujautoa, na tumbo ni laini mno kwa samaki wa asubuhi. Bei nayo inakuwa ya chini kupita kawaida.

Bomu moja linaua wakubwa, wadogo na mayai, na linasaga matumbawe ambayo huchukua miaka mingi sana kukua tena. Wako wanaume pwani hii waliobaki na mkono mmoja kwa sababu ya utambi mfupi. Anayeibiwa ni mvuvi wa mshipi atakayetoka kesho arudi na mtumbwi mtupu, na mtoto wake. Bila mnunuzi bomu halirushwi. Muulize muuzaji wako waziwazi samaki amevuliwa kwa njia gani, na ukimtilia shaka, nenda meza nyingine.

13. Nimeombwa rushwa ili nipewe kilicho haki yangu. Nikitoa nimetenda dhambi?

Wanaofundisha maadili hutofautisha anayenunua upendeleo na anayekamuliwa ili apate kilicho chake. Wa kwanza anamdhulumu mtu wa tatu. Wa pili ni mwenye kudhulumiwa, na hatia yake ni ndogo zaidi, pengine haipo kabisa ikiwa mtoto wake amelala machela. Ila sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji, kwa hiyo usidhani dhamiri tulivu itakutetea mahakamani.

Kabla ya kutoa, kuna mambo ya kufanya. Omba risiti: "Afande, nitalipa, naomba stakabadhi." Maneno hayo yamewaponya wengi. Omba kumwona mkuu wake. Na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu ya bure 113, nao wakiipata mapema wanaweza kuweka mtego. Wewe uliye upande wa pili wa dirisha, Kutoka 23:8 imekuandikia: rushwa huwapofusha macho hao waonao.

## Nyumbani

14. Daktari ametuambia bibi ana saratani isiyotibika. Tumwambie?

Ugonjwa ni wake, mwili ni wake, na siku zilizobaki ni zake. Yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua, na kumzunguka kwa wiki sita tukisema "ni vidonda vya tumbo tu, utapona" ni kumnyang'anya nafasi ya kuaga, kupatanishwa na dada yake, kupokea sakramenti na kusema shamba liende kwa nani.

Lakini deni hulipwa kwa namna mdai anavyoweza kulipokea. Mwulizeni kwanza anajua nini na anataka kujua nini: "Bibi, ungependa daktari atuambie yote, au mambo mengine atuachie sisi?" Wako wazee watakaosema "Ongeeni nyinyi, mimi namwachia Mungu." Huyo ameamua, mheshimuni. Akiuliza moja kwa moja, "Je, nitapona?", asidanganywe. Mshikeni mkono, mwiteni padre au mchungaji wake, na mjibuni. Mara nyingi huwa amejua muda mrefu, naye ndiye anayewaficha nyinyi.

15. Tumeibiwa. Kwenda kwa mganga amtaje mwizi kuna ubaya gani, ikiwa tunatafuta ukweli?

Mkoa wetu umesemwa sana kwa mambo haya, kwa hiyo nijibu bila kuzunguka. Kupiga ramli kumekatazwa (Kumbukumbu la Torati 18:10-12). Na tazama matokeo yake. Mganga hataji ushahidi, anataja jina, na karibu kila mara ni jina la mtu ambaye familia ilikwisha kumchukia: mke mdogo, jirani aliyekataa kukopesha, bibi kizee asiye na mtu. Mnatoka pale na hukumu isiyoweza kujibiwa. Huo ni ushahidi wa uongo dhidi ya jirani, na umewahi kuua watu.

Anayeuza dawa za mitishamba kwa kikohozi au tumbo, bila kutaja mchawi wala mwizi, ni jambo jingine. Huyo apimwe kwa kipimo cha dawa: inatibu au haitibu, inadhuru au haidhuru.

## Maswali magumu zaidi

16. Wamisionari walikuja pamoja na wakoloni. Kwa nini tupokee maadili yao?

Jambo la kwanza ni kulisema lililotokea bila kulipaka rangi. Wako watu wa Kanisa walionyamaza wakati wenzao wa rangi na lugha moja wakilazimisha watu kazi, na mashamba ya mkonge ya mkoa huu yana historia ambayo wazee wetu waliisimulia kwa uchungu.

Wako pia ambao hawakunyamaza. Frank Weston alikuwa askofu wa Anglikana wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, na dayosisi yake ilifika mpaka Magila, Muheza. Mwaka 1920 alichapisha andiko akiishambulia serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kazi za kulazimishwa walizotwishwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Mwaka 1923 aliwaambia Waanglikana wenzake mjini London kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu kwenye tabernakulo, pale Ekaristi inapohifadhiwa, ikiwa hawamhurumii katika vibanda vya maskini. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya.

Maadili ya Injili si ya wamisionari. Yanawahukumu wao kama yanavyotuhukumu sisi, na yanawahukumu kwa sababu waliyafundisha.

17. Dhamiri yangu hainisuti, na dhambi ileile nimeiungama mara nyingi hadi naona haya. Nini maana yake?

Hayo ni mambo mawili, lakini huja pamoja. Dhamiri hufuatwa, ila kwanza hufundishwa. Aliyebonyeza kopo miaka kumi hasutwi tena, na ukimya huo hautokani na ruhusa ya Mungu. Ijaribu dhamiri hiyo kwa kumwuliza aliyepimiwa.

Na kurudia kuungama si unafiki, mradi unakusudia kuacha. Paulo aliandika "lile jema nilipendalo, silitendi" (Warumi 7:19) akiwa Mtume. Badala ya kuahidi jumla, ahidi jambo moja unaloweza kulipima: kwa mfano, wiki hii kila simu ya mdai nitaipokea na kumwambia ukweli. Kuhusu jinsi fadhila inavyokua, tazama swali la 1.

18. Nataka kurudisha nilichodhulumu, lakini niliyemdhulumu amefariki, au sijui walikuwa nani, au sina uwezo.

Tuyachukue moja moja, kwa kuwa hapa watu wengi hukata tamaa na kuacha.

Akiwa hai na unamjua: mrudishie yeye. Kutoa sadaka kanisani badala yake hakulipi deni lake. Torati ilitaka arudishiwe kamili na kuongezwa sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo aliongeza hadi mara nne kwa hiari yake (Luka 19:8). Si lazima ujitangaze. Unaweza kupitia kwa padre, mchungaji au mtu anayeaminika, ikiwa kujitaja kutaleta vita mpya.

Akiwa amefariki: haki yake imekwenda kwa warithi. Nenda kwa mjane au watoto wake na utaje kiasi. Huna haja ya kueleza kila kitu, "Nilikuwa na deni la marehemu, hili hapa" inatosha na ni kweli. Asipokuwa na ndugu kabisa, Hesabu 5:8 inaelekeza mali hiyo iwekwe wakfu kwa Mungu. Kwa desturi yetu hupelekwa kwa maskini, kwa nia yake.

Wakiwa wengi usiowajua, kama wateja wa kopo au wanunuzi wa sukari ile: kadiria kwa uaminifu, na ukisita kati ya hesabu mbili chukua iliyo kubwa. Zirudishe kwa watu wa namna ileile uliowadhulumu. Mwenye duka mmoja Makorora aliamua kuongeza nusu kopo kwa kila mama aliyenunua unga wa elfu moja, na hakumwambia mtu sababu.

Usipokuwa na uwezo: deni halifutwi, linasubiri. Lipa kidogo kidogo na uandike mahali ulipofikia, ili ukiondoka ghafla watoto wako wajue kilichobaki na kwa nani. Kama kulipa yote mara moja kutawafanya watoto walale njaa, walishe kwanza, kisha panga kiasi cha kila mwezi na kiongozi wako wa kiroho, na uanze na mwezi huu.